Sheikh Bado Yupo

Jumamosi tarehe 19 Julai 2025, kati ya saa nane mchana na saa mbili usiku, Filda Aol alipiga nyimbo 118 katika harusi moja ya Muyenga, Kampala: arobaini na sita za Kiacholi, arobaini na sita za Kiganda, na ishirini na sita za watu ambao hawakuwa na shangazi wa kuwahesabia. Anayebisha anaweza kufungua historia ya programu kwenye laptopu yake, ambayo huandika kila wimbo na dakika ulipoanza. Mashangazi wawili walibisha siku hiyohiyo, mmoja kutoka kila upande. Walionyeshwa historia, wakaisoma mpaka mwisho, wakaondoka kila mmoja akiamini kwamba laptopu ni ya upande wa pili.

Filda ana umri wa miaka thelathini na saba. Alikulia katika nyumba za polisi za Nsambya, ambako baba yake, Oyat, Mwacholi, alikuwa dereva, na ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya amri, ya matusi na ya kuombana chumvi. Alisomea uhazili. Taaluma hiyo haikumpatia ofisi, lakini ilimwachia ugonjwa mmoja: hawezi kuona jalada lisilo na jina akalala usingizi. Tangu mwaka 2014 anapiga muziki kwenye harusi, mahafali na sherehe za watu waliopandishwa cheo.

Vifaa vyake havimtishi mtu. Ana kontrola ya kuchanganyia nyimbo yenye magurudumu mawili na kitelezi cha sauti kisichofika mwisho wa kulia, laptopu iliyopoteza herufi N, hedifoni zilizofungwa kwa plasta ya hospitali, na diski mbili za nje, nyeusi na nyekundu. Nyeusi ndiyo ya kazi. Nyekundu ni nakala, na hukaa kabatini chini ya mablanketi. Ma-DJ wenzake wa kiume huzungumzia mashine kama wazee wa kwao wanavyozungumzia ng'ombe: idadi, rangi, na ya jirani iliyo mbovu. Filda huzungumzia lebo.

Programu za ma-DJ zina safu ya kuandikia aina ya muziki. Walioitengeneza safu hiyo hawajawahi kualikwa harusi ya Kampala, kwa hiyo Filda aliijaza kwa habari zenye manufaa. Aliandika "Mashangazi kabla ya chakula" na "Mashangazi baada ya chakula". Aliandika "Wajomba wa Gulu", "Mvua imeanza", "MC amepotea njia". Lebo mbili zilikuwa na thamani kuliko nyingine zote: "Sheikh bado yupo" na "Sheikh ameondoka".

Katika harusi za familia za Waislamu wa zamani wa mji huu, wale ambao babu zao walikuja kutoka pwani na biashara wakabaki na maduka na madrasa, mambo huenda kwa utaratibu. Sheikh huomba dua. Sheikh hula pilau. Saa tisa Sheikh hurekebisha kanzu, hutoa salamu na kuondoka. Kabla ya hapo hupigwa kasida, taarabu ya heshima, na nyimbo za mapenzi ambazo ndani yake hakuna anayeguswa chini ya kidevu. Baada ya hapo hupigwa zilizobaki.

Kuzitenganisha ni kazi. Wimbo wa Kiganda unaweza kuzungumzia ndizi kwa dakika nne na usiwe wimbo wa kilimo. Kiganda cha Filda ni cha soko la Kalerwe. Kinatosha kukataa nyanya, hakitoshi kugundua ndizi inamaanisha nini. Basi kwa miaka kumi na moja alijifunza kwa kutazama nyuso. Wimbo ambao mashangazi waliuitikia huku wakila uliandikwa "yupo". Wimbo uliowafanya watazamane kwanza uliandikwa "ameondoka". Hakukosea, na hakuwa na ruhusa ya kukosea, kwa sababu ma-DJ wa familia hizo hupatikana kwa mdomo wa mashangazi na hufukuzwa kwa mdomo huohuo. Mwaka 2019 DJ mmoja aitwaye Mugisho alikosea wimbo mmoja mbele ya Sheikh, mmoja tu. Leo anapigia muziki matangazo ya dawa ya meno juu ya lori.

Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, siku nne kabla ya harusi ya Rumaisa, binti wa familia mojawapo ya hizo, na Shakib Ocen, kijana wa Kiacholi kutoka nyumba za polisi za Nsambya, Filda aliipeleka laptopu kwa Habib wa Kalerwe. Babu zake Habib waliuza vitambaa. Yeye huuza nyimbo, anazijaza kwenye flashi mkabala na wauza kabichi. Nusu ya maktaba ya Filda ilitoka kwake, na Habib, mfanyabiashara makini, hufuta jina la wimbo na kuweka jina la duka lake na namba. Kwa mujibu wa majalada, basi, nyimbo elfu kumi na mbili za Afrika Mashariki ziliimbwa na Habib.

"Dada Filda, programu hii ni ya mwaka gani?" aliuliza. "Hata mufti alikwisha kubadilisha simu."

"Inafanya kazi."

"Punda naye anafanya kazi. Nakuwekea mpya. Hii inasafisha maktaba yenyewe."

"Lebo zangu usiziguse."

"Nani aziguse? Lete na ile nyekundu, zipate zote mbili kwa mpigo mmoja."

Nyekundu ilikuwa imewekwa chini ya mablanketi miaka yote hiyo ili isikutane na nyeusi mahali pamoja. Siku hiyo ilitolewa ili nayo isikose baraka.

Programu mpya iliuliza swali moja: je, irekebishe habari zisizo sahihi? Habib alibonyeza ndiyo, kama anavyobonyeza kwa kila swali tangu aanze kazi. Ilichukua dakika arobaini. Programu hiyo hutambua aina thelathini na nane za muziki wa klabu za Ulaya, ambazo hutofautiana kwa unene wa besi. Ilizitazama nyimbo 23,904 za Gulu, Kampala, Kinshasa, Nairobi na Unguja, ikaona zote ni aina moja. Mbele ya kila wimbo, kwenye diski zote mbili, iliandika neno moja la Kiingereza lenye maana ya Dunia.

"Dunia," alisema Filda.

Habib aliinama kwenye kioo akasoma. "Si uongo, dada. Zote ni za duniani."

Filda hakupiga kelele. Alimuuliza kama inaweza kurudishwa. Habib alisema kila kitu kinarudi isipokuwa hicho. Akampa flashi ya bure.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Bi Farhana. Huyu ni shangazi wa bibi harusi, upande wa baba, yaani senga, ambaye kwa desturi ya mji huu ndiye humfundisha msichana yale ambayo mama yake hawezi kuyatamka. Ndiye pia aliyempendekeza Filda. Alimpokea sebuleni, tasbihi mkononi.

"Unataka kuniambia hujui wimbo upi msafi na upi mchafu?"

"Nilijua, Mama. Nilikuwa nimeandika."

"Na sasa unataka mimi, mjane wa watu, nikae hapa nisikilize uchafu."

"Kwa siku mbili tu, Mama."

Bi Farhana aliweka tasbihi mezani. "Lete hizo hedifoni."

Mama huyu, ambaye hajawahi kusikia nyimbo za aina hiyo, alizitambua kwa sekunde nne.

"Huo toa."

"Mama, hajaanza kuimba."

"Nimekwambia toa. Najua anakoelekea."

Baadhi hakuwa na uhakika nazo, akazisikiliza mpaka mwisho. Mbili alizisikiliza mara tatu, kwa ajili ya haki. Kufikia Ijumaa adhuhuri zilikuwa zimepita nyimbo sitini na moja, na Filda aliziandika moja moja kwa mkono: Sheikh bado yupo. Chakula kilikuwa saa sita na nusu, Sheikh angeondoka saa tisa. Sitini na moja zilitosha, na nyingine zingebaki. Akishaondoka, Dunia yote ingekuwa halali.

Harusi ilikuwa kwenye bustani ya hoteli moja ya Nakasero. Kila kitu kilikwenda vizuri, jambo ambalo lilipaswa kumtia mtu wasiwasi. Saa tisa kamili Sheikh Abdul-Karim, mjomba wa Rumaisa, alimaliza pilau, akafuta ndevu, akaomba chai. Saa tisa na nusu aliomba ya pili. Mashangazi walitazama saa zao, kisha wakamtazama yeye, kisha wakamtazama Filda, kana kwamba kumwondoa Sheikh ni kitufe kwenye kontrola.

Saa kumi na robo wimbo wa sitini na moja ulikwisha. Filda akarudia wa kwanza. Sheikh aliinuka, na bustani nzima ikainuka naye moyoni. Hakwenda langoni. Alikwenda kwenye meza ya muziki.

"Binti, huu tumekwisha kuusikia."

"Ndiyo, Sheikh."

"Mashine imeharibika?"

"Hapana, Sheikh."

"Kila harusi naondoka saa tisa kwa sababu naona mnavyonitazama. Nikifika kwenye gari, nasikia nyuma yangu watu wanaanza kufurahi. Huyu Rumaisa nimemfundisha alifu mimi mwenyewe. Leo sitoki." Akavuta kiti. "Haya, endelea. Au shida ni mimi?"

Hakukuwa na lebo ya hali hiyo. Upande mmoja wa kioo kulikuwa na maelfu ya nyimbo za Habib, zenye namba tu, na yoyote kati ya hizo ingeweza kumpeleka Filda juu ya lori la dawa ya meno. Upande wa pili kulikuwa na jalada ambalo Habib hakuwahi kulijaza: nyimbo mia tisa za Kiacholi, ambazo Filda alizinakili kutoka kanda za baba yake na kuzipa majina mwenyewe, neno kwa neno. Hizo hakuhitaji lebo kuzielewa. Alichagua nne za heshima, kuhusu mvua, ukoo, mifugo na marehemu. Upande wa polisi ulisimama wote, na Sheikh akatikisa kichwa kwa mdundo.

Ndipo Lamunu, shangazi wa bwana harusi, mwanamke wa miaka sabini mwenye kiuno cha thelathini, alipofika mezani na kusema bila kunong'ona:

"Mwanangu, weka ile ya kinu."

"Mama, Sheikh yupo."

"Anajua Kiacholi?"

"Hajui."

"Basi hayupo."

Wimbo huo unahusu mjane, mchi na kinu, na hakuna mtama unaotwangwa ndani yake. Filda aliutazama uso wa Sheikh, akautazama mstari wa wanawake wa Nsambya waliokwisha kujipanga, akauweka. Vicheko vilivyofuata vilikuwa vya watu wanaoelewa.

"Huu unasema nini?" aliuliza Sheikh.

"Bidii ya kazi, Sheikh."

"Kazi gani?"

"Kutwanga."

Baba wa bwana harusi, sajini mstaafu aliyewahi kukabiliana na waasi, alipaliwa na soda, akasaidiwa kutoka nje.

"Watu wa bidii hawa," alisema Sheikh, akipiga makofi. "Rudia."

Ulirudiwa. Bi Farhana hajui neno moja la Kiacholi, lakini ni senga. Alivitazama viuno vya wanawake wale, akavuta ushungi mpaka kwenye pua, akauacha upite, kwa sababu Sheikh alikuwa bado anapiga makofi.

Jumatatu alimpigia Filda simu.

"Kile kinu. Niambie kweli."

Filda alimwambia kweli, yote, mpaka ubeti wa mchi kuvunjika.

"Sheikh ameniagiza nikuchukue kwa harusi ya mwanawe," alisema Bi Farhana. "Anasema wewe ndiye DJ pekee mwenye nyimbo za maadili. Anautaka ule, awasikilizishe wenzake."

"Mama, mwambie."

"Nimwambie mimi? Kwamba alishangilia mara mbili? Mwambie wewe."

Filda alipiga namba ya Sheikh siku hiyo na ya pili yake. Mara ya kwanza Sheikh alikuwa darasani. Mara ya pili alipokea, akamshukuru sana, akamwombea dua ndefu, akakata kabla Filda hajafika kwenye kinu. Hakupiga tena.

Harusi ni Jumamosi tarehe 20 Desemba, saa nane mchana, Old Kampala. Masheikh kumi na mmoja wamealikwa, mmoja wao anatoka Gulu, kwa Waacholi, na wimbo wa kinu utapigwa wa tatu, baada ya dua.