Gunia la Mchanga Nyuma ya Gari Jekundu

Dada yangu alikuwa ameshawaambia wakwe. Hilo ndilo nililolikuta niliporudi kutoka kazini: kwamba binti yake, akimaliza fungate, atapelekwa kwa mumewe Ilala ndani ya gari jekundu lisilo na paa, na dereva atakuwa mjomba wake, yaani mimi. Sikuwa nimeulizwa. Gari pia halikuwa letu.

"Dada, lile gari lina mwenyewe," nikamwambia.

"Si wewe unayekaa na ufunguo?"

"Nakaa na funguo za magari kumi na moja. Ndiyo kazi ya stoo."

"Basi mimi nimechagua moja tu. Nimeshasema, na mama wa bwana harusi kanyamaza. Unajua tangu posa yule mwanamke hajapata kunyamaza?"

Nilijua. Kila tulichopeleka alikiona kidogo, na kila tulichosema alikiona kirefu. Kama bibi harusi angefika kwa miguu baada ya ahadi ile, dada yangu asingeweza tena kukanyaga Ilala. Nami nilikuwa nikiishi katika nyumba ya dada yangu, Mtaa wa Swahili, nikila chakula cha dada yangu. Hesabu ya jambo lile haikunichukua muda.

Nilikuwa mtunza stoo katika karakana ya magari karibu na Mnazi Mmoja. Mwenye karakana alikuwa Mhindi, tukimwita Seth. Gari jekundu lilikuwa la mwenye shamba la mkonge aliyekwenda kwao Ulaya likizo ya miezi sita, akaacha maagizo kwamba liwashwe na kutembezwa kila wiki ili betri na magurudumu yasife. Seth alinipa mimi kazi ya kuliwasha kwa sababu, alisema, katika karakana nzima mimi ndiye dereva wa polepole kuliko wote. Kabla ya hapo nilikuwa nimeendesha gari la mikate miaka mitano bila ajali, ukiondoa kuku mmoja, na kosa lilikuwa la kuku.

Nilipomwomba Seth ruhusa alikuwa akinywa chai mlangoni. Akaniambia, "Haya, toka nalo mpaka pale kwenye mwarobaini, urudi."

Gari la mikate lilitaka kukanyagwa mafuta kwa nguvu zote, la sivyo halikuondoka. Basi nikakanyaga kwa nguvu zote. Magurudumu ya nyuma yakapiga kelele, mkia ukaenda kushoto, nyumba zikapita mbele yangu kwa mpangilio nisiouzoea, na vumbi lilipotulia gari lilikuwa limesimama hatua kumi kutoka mlangoni, likimtazama Seth.

Seth akashusha kikombe. "Umesahau kitu?"

Hata hivyo hakukataa. Alisema mwisho wa mwezi atakaa kando yangu tuzunguke Mnazi Mmoja mara tatu. Gari likiyumba hata mara moja, bibi harusi atafute baiskeli.

Mimi nimejifunza karibu kila ninachokijua kutoka vitabuni, kwa hiyo nilianza na kitabu. Nilikipata kwa muuza vitabu vikuukuu, kimeandikwa Kiingereza, hakina jalada, na nikakisoma kwa msaada wa kamusi, kurasa nne kila jioni. Kilisema gari la namna ile lina injini kubwa na nzito mbele, mkia mwepesi, na nguvu yote inapelekwa kwenye magurudumu ya nyuma. Ukiwa kwenye kona ukakanyaga mafuta kwa pupa, magurudumu ya nyuma hupoteza ardhi na mkia hutaka kutangulia mbele. Ukiachia mafuta ghafla kwa woga, hali huwa mbaya zaidi. Punguza mwendo kabla ya kona, gari likiwa limenyooka. Kata kona kwa utulivu. Ongeza mafuta ukishaona njia imenyooka mbele yako, tena taratibu.

Neno "taratibu" ndilo lililonisumbua, kwa kuwa mguu wangu ulikuwa umelelewa na gari la mikate. Nikabuni zoezi. Niliweka kigoda uani, mbele yake nikapanga makubazi mawili, moja klachi na moja breki, na mahali pa mafuta nikaweka nyanya iliyoiva. Kazi ilikuwa kuikandamiza kwa unyayo bila kuipasua, huku nikizungusha ungo kama usukani.

Siku ya kwanza nilipasua nyanya sita.

"Na mchuzi wa leo," dada akauliza akiwa jikoni, "tunapika na nyanya za mkono au za mguu?"

Baada ya siku tisa nyanya moja ilidumu tangu alasiri hadi magharibi. Niliandika hivyo katika daftari langu, nikaona niko tayari. Nikalipeleka gari Jangwani, kwenye uwanda mpana usio na kitu cha kugonga, nikazunguka kama watu watatu wanaocheza ngoma tofauti.

Mtu mmoja alikuwa amesimamisha mkokoteni wake wa ndizi kando, amekaa juu yake, anatazama. Nilimfahamu. Alikuwa mchukuzi wa pale sokoni Kariakoo, Mnyamwezi, na mimi ni Mzaramo, hivyo kwa utani wa makabila yetu alikuwa na haki ya kuniambia lolote, nami sikuwa na haki ya kununa.

"Mzaramo," akaita, "hiyo barua unayoandika mchangani, unampelekea nani?"

Nikamweleza kitabu kinavyosema. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi ndizi zikatikisika.

"Yote hayo ya kitabu ni mkokoteni tu. Mbele yuko mmoja anashika mikono, anaongoza. Nyuma yuko mwenzake anasukuma. Mimi mbele nikianza kukunja kona, mwenzangu akasukuma kama punda, mkia unafanya nini?"

"Unatoka nje."

"Na akiachia kwa mara moja?"

"Unatoka nje vilevile."

"Sasa mkia ukishatoka, ukikimbilia kulia, mimi mbele nakimbilia wapi?"

"Kushoto, kuurudisha."

"Ndiyo maana Wazaramo hamna mikokoteni! Nakimbilia kulia hukohuko, naufuata. Nikishindana nao unanipindua na ndizi za watu. Njoo ushike."

Nikavua soksi ndefu za kazini, nikashika mikono ya mkokoteni, yeye akasukuma. Tulitoka Jangwani tukaingia Kariakoo, tukapita Mtaa wa Kongo katikati ya watu na mafungu ya muhogo, yeye akisukuma vibaya kwa makusudi kwenye kila kona na kunitukana nilipokosea. Kufikia kona ya nne mikono yangu ilikuwa imeelewa kile ambacho kamusi haikuweza kunieleza. Kufikia ya saba nilikutana uso kwa uso na mama wa bwana harusi, ametoka kununua nazi.

Akanitazama, akautazama mkokoteni, akaitazama miguu yangu isiyo na soksi.

"Shemeji," akasema, "ndilo gari jekundu hilo?"

Kesho yake nilirudi Jangwani nikiwa na hofu mpya, na hofu ile ilinisaidia kujifunza. Mchukuzi alinipa na shauri la mwisho: mkokoteni mtupu hurukaruka, wenye mzigo juu ya magurudumu hutulia. Basi nikajaza gunia mchanga, nikalipima kwenye mizani ya stoo, likawa frasila sita, karibu kilo mia moja, nikalilaza kwenye buti juu ya magurudumu ya nyuma. Gari likabadilika tabia. Lilinisikiliza. Katika daftari niliandika "Gunia lisitoke" na kupiga mstari chini yake mara mbili.

Mwisho wa mwezi Seth alikaa kando yangu na tukazunguka Mnazi Mmoja mara tatu. Mzunguko wa tatu alisinzia. Sijapata kupewa cheti kizuri kuliko kile.

Ndoa ikafungwa, fungate ikaisha, na siku ya kumpeleka mwari ikafika. Asubuhi ilinyesha mvua ya vuli, ikakatika adhuhuri, ikaacha mitaa yetu ya mchanga imelowa na kuteleza. Gari lilikuwa mlangoni kwetu, limeoshwa, limefungwa maua ya asumini. Mbele walijipanga wapiga tarumbeta. Nyuma walijipanga wanawake, na nyuma yao mchukuzi wangu na mkokoteni wenye sanduku na kitanda.

Hapo pakatokea ubishi. Somo wa bibi harusi, yaani mwanamke aliyemfunda tangu alipovunja ungo, alikuja na mwavuli wake akasimama kwenye mlango wa gari.

"Mwari wangu nimemfunda mimi, nimemsinga mimi. Leo aende peke yake na mjomba wake, kama barua?"

"Bi Somo, viti ni viwili tu," dada akasema.

"Na mimi ni mmoja tu."

Alikuwa mmoja kwa hesabu, lakini alikuwa mwanamke mkubwa kwelikweli, na kiti kilikuwa chembamba. Aliishia kuandamana kwa miguu, amenuna, akiutumia mwavuli kama mkuki.

Tuliondoka vizuri. Mguu wangu ulikuwa juu ya nyanya isiyoonekana. Mpwa wangu alikaa kando yangu, kajifunika buibui gubigubi, haoni kitu. Tulipofika kona ya kuingia Mtaa wa Kichwele, wapiga tarumbeta walikuwa wameshatoka kwenye matope wakakanyaga lami, wakachangamka na kutuacha. Nikapunguza mwendo kabla ya kona. Nikakata kwa utulivu. Nikaongeza mafuta kidogo, kwa kipimo kisichoweza kupasua hata nyanya ya siku tatu.

Mkia ukaondoka.

Niliufuata, kama nilivyofundishwa. Sikuachia ghafla. Nilifanya yote. Lakini mkia ulikuwa mwepesi kama unyoya, na gari likageuka polepole, kwa heshima, kama mzee anayejigeuza kwenye mkeka, likasimama na kuzima. Halikugusa kitu wala mtu. Ila lilikuwa limewaelekea wanawake, limeelekea nyumbani tulikotoka.

Vigelegele vikakatika. Kwenye baraza la duka mtu akapaza sauti: "Jamani! Bibi harusi kagoma! Anarudi kwao!"

Ndani ya buibui sauti ndogo ikauliza, "Mjomba, tumefika?"

Dada alikuja mbio, kanga mkononi. "Geuza! Geuza kabla hawajasikia Ilala!"

Sikugeuza. Nilishuka, nikafungua buti. Ndani mlikuwa na mito minane ya sufi, mizuri, imetariziwa maua.

"Gunia liko wapi?"

"Nimewaita vijana wakalitoa alfajiri na kulimwaga," dada akasema. "Mwana wangu apelekwe kwa mume na mchanga, kama anayekwenda kuzikwa? Nimeweka mito."

Mchukuzi alikuwa ameshafika, akachungulia juu ya bega langu. "Mzaramo," akasema kwa upole ambao haukuwa wa kawaida yake, "umepakia mawingu."

Sanduku la bibi harusi halikuweza kuingia katika buti. Mchukuzi akajitolea kukaa nyuma yeye mwenyewe, na wanawake kumi wakamjibu kwa pamoja kwamba siku mwanamume baki atakapokaa mgongoni kwa mwari, jua litachomoza magharibi, Magomeni. Nikatazama huku na huku nikitafuta frasila sita. Mtu aliyekaa stoo miaka mingi hupima kwa macho bila kukusudia. Macho yangu yakamwona Bi Somo, amesimama peke yake chini ya mwavuli, ananitazama kama anayengoja deni la maneno.

Sikutaja uzito. Nilimwendea nikasema, "Bi Somo, nimekosa. Mwari haendi bila somo wake."

"Mmeona?" akawaambia wote. "Gari limekataa. Gari lina adabu kuliko nyinyi."

Tukatandika mito juu ya turubai la paa lililokunjwa nyuma ya viti, yeye akapanda kwa msaada wa watu watatu, akafungua mwavuli juu ya kichwa cha mwari wake. Springi zikashuka. Nilisikia gari likivuta pumzi. Nikawasha, nikaligeuza, nikaingia Kichwele, na tangu hapo hadi Ilala, kona tano, lile gari lilikwenda kama limebeba mikate.

Habari ilikuwa imetutangulia, bila shaka kwa baiskeli. Mama wa bwana harusi alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Tumesikia mligeuka," akasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Tumesikia bibi harusi alikuwa anarudi."

Jibu la hilo halikuwemo katika kitabu. Dada yangu akafumba macho. Ndipo Bi Somo akazungumza kutoka juu, bila hata kushusha mwavuli.

"Tuligeuka kuwaaga majirani. Kwani huku kwenu hamwagi?"

Mama yule akanyamaza, kwa mara ya pili tangu posa. Kisha akasogea pembeni, na mwari akaingia kwa vigelegele. Dada yangu alipita karibu nami akanifinya mkono kwa nguvu kiasi kwamba alama yake ilikaa siku mbili.

Bi Somo alibaki Ilala na kazi zake. Nami nilikuwa sina gunia, mitaa ilikuwa bado imelowa, na Seth alikuwa akinisubiri. Mchukuzi akauegesha mkokoteni wake kwa wakwe, akapanda nyuma, akakaa palepale alipokaa Bi Somo. Mwavuli ulikuwa umesahauliwa hapohapo. Akaufungua.

Njia nzima ya Kichwele watu walitupigia vigelegele, naye akawapungia mkono taratibu, kwa aibu ya kike.

Seth alikuwa mlangoni na chai yake. Akalizunguka gari mara mbili, akainama, akapitisha kidole kwenye milango, hakupata mkwaruzo. Mwisho akainua macho.

"Huyu ndiye bibi harusi?"

"Hapana, Seth," nikamjibu. "Huyu ni gunia."

Mchukuzi akafunga mwavuli, akashuka, na mkia wa gari ukainuka.