Kaseti ya Yaya

Juzi mwanangu alisita dukani, akihofia mashine mpya ya gemu haitakubali diski zake za zamani. Ghafla nikasikia harufu ya petroli na ndagala, dagaa wa Baraka, mji wa utoto wangu kando ya ziwa.

Alasiri ya mwisho kule, yaya, kaka yangu mkubwa, alikuwa akicheza gemu. Jenereta ilinguruma, hata risasi tulichelewa kuzisikia. Alichomoa kaseti ya gemu, akaifunga kwenye kitenge changu.

“We beba hii. Mashine tutanunua ingine ng'ambo ya ziwa. Mi naenda kutafuta mama.”

Mama alifika mtumbwini. Yaya hakufika. Kule Kigoma niliomba mashine kabla ya chakula, nikiamini yumo ndani ya kaseti, amesimama pale mchezo ulipokatikia.

Mashine za zamani bado zinauzwa. Sijanunua. Nikiiwasha na kaseti ile, nitaona yaya hayumo.