Miezi Mitano ya Kuchagua Gari

Wenzetu huku Marekani wananunua gari kama wanavyonunua viatu. Ijumaa wanatazama mtandaoni, Jumamosi wanakwenda kulijaribu, Jumapili wanakuja nalo kwenye shughuli likiwa bado na pleti za karatasi, watu wanalizunguka na kusema hongera. Mume wangu alichukua miezi mitano. Miezi mitano, jamani! Na wala hakuwa anachagua kati ya magari mia. Alikuwa anachagua kati ya mawili.

La kwanza lilikuwa la Kijapani, rangi ya fedha, refu, paa limenyooka mpaka nyuma, viti vya ngozi vinavyopata moto wakati wa baridi. Hilo lilikuwa likiuzwa Rockville, karibu na ofisi yake. La pili la Kijerumani, jeusi, lenye mgongo uliochongwa, yaani paa linaanza kushuka tangu kwenye viti vya nyuma mpaka kwenye buti. Hilo lilikuwa Annandale, ng'ambo ya mto, kwenye yadi ndogo ya magari yaliyotumika. Yote mawili ya kifahari, yote mawili yamekwisha kutembea maili nyingi kwa mtu mwingine kabla ya kutufikia sisi. Moja likipata mteja, wanaleta jingine la aina ileile, na mume wangu anaanza upya kulichunguza.

Mimi ni mdadisi wa kuzaliwa. Jirani akibadilisha pazia, mimi ndiye wa kwanza kujua, na nitataka kujua kwa nini. Sasa fikiria mtu kama mimi kuishi na mume ambaye kila Jumamosi anaondoka kwenda kutazama gari na kila Jumamosi anarudi mikono mitupu, tena akiwa na furaha.

Lakini nisijifanye kwamba mimi sikuwa na langu. Nilikuwa nalo, nalo lilikuwa sufuria.

Tuna chama chetu cha akina mama, Watanzania wengi na Wakenya kiasi, Waislamu kwa Wakristo. Mtu akifiwa, akiozesha, akijifungua, tunakwenda kupika. Sufuria kubwa la chama, lile la pilau la watu mia na zaidi, linakaa gereji kwangu Bowie, pamoja na mfuniko wake, miiko na jiko la gesi. Linakaa kwangu kwa sababu nilikuwa na van, ile ya milango ya kuvuta tuliyoinunua watoto wakiwa wadogo. Watoto wamekua, wako vyuoni, van ikabaki ya sufuria. Likihitajika, napigiwa mimi. Nafika kabla ya watu wote, naondoka baada ya watu wote, na nikiingia mahali watu wanasema, "Aa, sasa mambo yataenda." Msinicheke, lakini nilikuwa nayapenda maneno hayo kuliko mshahara. Kazini ni muuguzi katika nyumba ya wazee, siku nzima nachoma vidole vya watu na kusoma namba za sukari zao, na hakuna anayesema mambo yataenda nikiingia.

Basi van ikaanza kufa. Gia zikawa zinateleza, fundi akasema tusiitie kwenye barabara kuu na tusiitegemee kufika msimu wa baridi. Kwangu mimi hesabu ilikuwa fupi: gari litakaloingiza sufuria ndilo gari. Bila gari la kubeba sufuria, sufuria linahamia kwa mtu mwingine, na mimi nitakuwa mama mmoja tu katika kundi la akina mama wanaomenya vitunguu. Lile la fedha la Rockville nilijua litaingiza. Nililiona mara moja tukipita, nikatazama mlango wake wa nyuma, nikatulia.

Mume wangu ni mtu wa karatasi. Aliandika mistari, upande huu la Kijapani, upande huu la Kijerumani: mafuta, vipuri, breki, nafasi ya miguu. Nilikuwa naichungulia karatasi ile akiwa bafuni. La Kijapani lilishinda karibu kila mstari. Tena yeye ni mrefu, na alikuwa amekiri mwenyewe kwamba kwenye lile jeusi kichwa kinagusa dari. Na rangi nyeusi haipendi, anasema inaonyesha vumbi. Kwa hiyo nilipomsikia, mwezi wa tano wa kuchagua, akisema, "Nadhani tutachukua lile la Annandale," nilikiweka kijiko chini.

"Lile la kukuumiza kichwa?"

"Nitazoea," akasema, macho kwenye sahani.

Nikamtazama. Huyu ni mtu aliyerudisha mto wa kulalia dukani mara mbili. Hazoei kitu huyu. Nikajiambia hapa kuna jambo, na nitalijua.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa na bahati ya ajabu: hakuna msiba, hakuna harusi, hakuna aliyejifungua. Asubuhi alipochukua funguo, nami nikachukua mkoba.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Annandale. Kuliona gari letu."

Alisimama pale mlangoni kama mtu aliyesahau alichofuata. Kisha akasema, "Kweli?" Nikadhani nimemshika uongo. Nikazidi kuharakisha kuvaa viatu.

Tulikwenda na van, ingawa Jumamosi nyingine, nikiwa nayo mimi, yeye huenda kwa basi; tukaenda polepole, njia za ndani, tukavuka daraja upande wa kulia kabisa huku malori yakitupigia honi. Nyuma sufuria lilikuwa linagonga, kwa sababu sikuwa nimelishusha tangu shughuli ya wiki iliyotangulia. Na nikiri: sikulishusha makusudi.

Yadi ile ina kibanda kimoja na magari kama thelathini. Muuzaji alikuwa Mkongo, mtu mzima wa makamo, tumbo mbele, kofia kichwani. Alipotuona alitoka mbio.

"Baba! Karibu! Leo umekuya na Mama? Ah, leo ni siku kubwa!"

Akanishika mkono kwa mikono miwili, kama shemeji. Akaingia ndani na kutoka na viti viwili na vikombe viwili vya kahawa. Changu akaniuliza nataka sukari kiasi gani. Cha mume wangu hakuuliza.

"Huyu weka vijiko vitatu," nikamwambia, kwa sababu ndivyo anavyokunywa chai tangu nimemjua, na kila Jumamosi kabla ya kwenda kupika namwachia chupa ya chai ya maziwa yenye sukari hiyohiyo.

Yule bwana akacheka. "Hapana, Mama. Baba hakunywake sukari. Dokteri alimukataza tangu mwezi wa pili." Kisha akauona uso wangu, akaacha kucheka. "Haujue?"

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa anapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Kwanza aibu, iliyopanda mpaka masikioni. Mimi! Muuguzi! Napima sukari za wazee wa watu, nakumbuka nani alikuwa na ngapi juzi, na habari za mume wangu naambiwa na muuza magari. Halafu aibu ikageuka hasira, maana hasira ndiyo ninayoijua zaidi. Nikainuka, nikasema haya, tuone hilo gari. Nikafungua mlango wa van, nikamwita yule bwana tusaidiane, yeye sikio hili, mimi sikio lile, tukalibeba sufuria mpaka nyuma ya lile jeusi.

Halikuingia. Tulilijaribu wima, tukalilaza, tukaliinamisha upande. Kioo cha nyuma kilichoinama kililikataa kila mara. Yule bwana akajifuta jasho kwa kofia, na kwa moyo wake mweupe kabisa akasema:

"Lakini Baba alishapima. Wiki yenye kupita alikuya na meteri yake, akaniuliza kitu cha viringo cha upana hivi kitaingia? Nikamwambia pole, Baba, hakiwezi. Akasema basi, ni hii nataka. Tangu siku ile mimi najiuliza sana."

Tukabaki tumesimama watu watatu na sufuria. Yule bwana akakumbuka ghafla kwamba ana simu ya kupiga ndani.

"Ulipima sufuria langu," nikasema.

"Nilipima," akasema mume wangu.

"Gereji. Nikiwa sipo."

"Huwa haupo, mama watoto."

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali ningepata pa kushika. Nikamwambia asinizungushe, kama ana neno aliseme. Nikamwambia watu wale ndio ndugu zetu hapa, kwamba alipofiwa na baba yake na hatukuwa na namna ya kwenda, ni sufuria hilihili lililolisha watu waliokuja kumpa pole nyumbani kwetu siku tatu. Amesahau?

"Sijasahau," akasema. "Na siku ile ulikaa na mimi."

Nikauliza lile lililokuwa linanichoma tangu kwenye kahawa. "Kwa nini hukuniambia habari ya sukari?"

"Nilikuambia."

"Lini?"

"Siku ileile niliyotoka kwa daktari. Ulikuwa jikoni, simu umeibana begani, unapanga nani alete vitunguu. Nikakuambia. Ukatikisa kichwa, ukasema sawa, nimesikia."

Hapo nikakaa kwenye ukingo wa buti la lile gari. Vitunguu nilivikumbuka. Nilikumbuka vilikuwa gunia moja, msiba ulikuwa wa nani, nani aliahidi kuvileta na akachelewa. Yeye amesimama jikoni kwangu ananiambia anaumwa, hapo sikumbuki kitu. Nilitafuta kichwani, nikatafuta tena. Hakuna.

"Na chai ninayokuachia?"

"Huwa naimwaga. Sikutaka uikute, ukaudhika."

Nililia, siwezi kusema uongo. Nililia katikati ya magari ya watu, na bendera zao ndogo za plastiki zinapepea juu ya vichwa vyetu. Mume wangu si mtu wa kushikana hadharani, lakini alikuja akakaa kando yangu, na kweli kichwa chake kikagonga ule mlango uliokuwa wazi juu yetu, akaguna.

"Unalipenda hili gari?" nikamuuliza.

"Silipendi hata kidogo. La Rockville ndilo gari."

"Sasa miezi yote mitano ulikuwa unafanya nini kwa watu?"

Akafikiri kwanza. Yeye hufikiri kabla ya kujibu, na mimi kwa kawaida huwa nimeshaondoka. "Mwanzoni nilikuwa nachagua kweli," akasema. "Nikamaliza wiki ya tatu. Lakini Jumamosi ni ndefu, nyumba kimya, watoto hawapigi simu mpaka Jumapili. Huyu bwana ananipa kiti. Tunazungumza habari za kwao, habari za kwetu, ananipa kahawa. Kila wiki nilikuwa nikikuambia naenda kuliona gari. Nilidhani kuna siku utasema, nisubiri, twende wote."

Na mimi kila wiki nilikuwa nikimjibu, "Haya, utaniambia." Nilikuwa na udadisi wa pazia la jirani.

Nikamwambia tutachukua la Rockville, tutaenda wote wawili, sasa hivi kama anataka. Akatazama sufuria lililokuwa limekaa kwenye lami. "Mle litaingia," akasema, na nikamwona anajiandaa kulizoea hilo nalo.

Simu yangu ikaita. Mwenyekiti wetu. Mume wangu aliona jina kwenye kioo, akainuka, akaanza kulivuta sufuria kulirudisha kwenye van, bila kuambiwa, kama alivyokuwa akifanya miaka yote. Nikapokea.

"Shoga," mwenyekiti akasema, sauti ya haraka, "tumepata msiba, watu wameshaanza kufika. Uko wapi? Unaweza kuwa hapa saa ngapi?"

Mume wangu alisimama, mkono kwenye sikio la sufuria. "Nenda tu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mimi nitapata mtu wa kunirudisha."

"Leo siji," nikasema kwenye simu. "Tumeni mtu mwenye gari kubwa aje alichukue sufuria, na akae nalo. Mimi nina mgonjwa nyumbani."

Katika miaka yote sikuwahi kusema siji.

"Mgonjwa? Nani anaumwa?"

"Mume wangu."

"Jamani, pole! Lakini si tulimwona juzi juzi tu, mzima kabisa? Tangu lini? Anaumwa nini hasa, ana hali gani?"

Nikamtazama. Alikuwa ameliachia sufuria na kunigeukia, ananisikiliza.

"Tangu mwezi wa pili," nikasema. "Mengine sijui. Ndiyo kwanza namuuliza."