Tumbo Lililobaki

Tangu maduka ya dawa ya watu binafsi yaruhusiwe, hapa Bariadi dawa za gesi zinapatikana za kila rangi. Juzi nilikuwa kwenye duka la muuguzi mmoja mstaafu alipoingia mama wa makamo na wifi yake.

"Mwangaluka, mayu," mama akamwamkia muuguzi kwa Kisukuma. " Niongeze ile ya gesi."

"Ya mwezi uliopita imekwisha?"

"Imekwisha. Tumbo limebaki," alisema, akilegeza fundo la kanga.

Wifi akadakia: "Harusini Mwanhuzi kaonja wali, kasema kashiba. Wali wa harusi! Na njiani kila mara dereva asimame, huyu akakojoe."

Muuguzi akairudisha dawa kwenye rafu. "Basi sikuuzii. Tumbo kujaa mwezi mzima, kushiba upesi, mkojo kila mara: nenda Mwanza wakupige picha ya tumbo. Huenda si kitu. Huenda ni kansa ya vifuko vya mayai ya uzazi, na hiyo inataka kuwahiwa."

Mama akacheka. "Mayai gani? Mimi nilishakoma kuzaa."

"Kile kiwanda cha pamba si kimefungwa? Jengo limehama? Na vifuko navyo bado vimo."

Kicheko kikakatika. Mama akaifunga noti yake kwenye pindo la kanga. "Hii ianze kuwa nauli."

Soko huria limetuletea wauzaji wengi. Aliyekataa kuuza nimemwona huyo tu. Nawe msomaji, kama nyumbani yupo mama anayeshiba kwa kuonja, usimsifu kwa kula kidogo. Mpeleke akapimwe.