Nafasi ya Mama Kwenye Kinu

Usinigunie, mjukuu wangu Salima. Nimekusikia. Umegeukia ukuta, lakini hiyo pumzi uliyoitoa puani niliposema neno kinu naifahamu; ndiyo pumzi ya watu waliosoma sekondari, lise. Mimi niliishia shule ya msingi, kwa hiyo sioni haya kuamini nilichokiona kwa macho yangu. Ukitaka kunicheka, nicheke, nitafurahi. Tangu tumzike mtoto wako hujacheka, hujalia, hata chai isiyo na sukari hujailalamikia. Ila usiniambie kwamba haya ni mambo ya wazee. Mama yako mwenyewe alikuwa hajazaliwa, na mkono uliopata malengelenge siku ile ni huu wangu.

Nilipokuwa mtoto, kule mtaani Buyenzi, tulikuwa na kinu kikubwa uani, kimepasuka mdomoni na kufungwa waya. Nyinyi leo sombe, haya majani ya muhogo, mnaisagisha sokoni, mashine inalia kama pikipiki mbovu, kisha mnaibeba kwenye mfuko na kukimbia nayo. Kwetu majani yalitwangwa na watu watatu kwenye kinu kimoja, kwa zamu. Bibi yangu, aliyemzaa baba, alianza na mchi wake mzito: du. Mimi nilifuata na mchi wa kitoto: ti. Mama alikuja wa tatu: ga. Du, ti, ga. Siku za raha Mama aliurusha mchi juu, akapiga kofi, akaudaka, na hata hivyo hakuikosa zamu yake. Wapita njia walisimama. Mafundi wa magari ng'ambo ya barabara walizinyoosha bodi zao kwa kufuata mapigo yetu, na Bibi akajifanya hasikii.

Mimi sikuuona uzuri wowote. Nilikuwa na njaa na nilitaka kwenda kucheza. Nilipiga haraka haraka, nikamkanyagia Mama zamu yake, Bibi akanifokea: "We mutoto, unakimbilia wapi? Hiyo sombe ina miguu?"

Kisha Mama alizaa mtoto wa kiume. Aliishi mpaka alipoanza kutabasamu, homa ikamchukua. Baba alikuwa dereva wa lori. Alifika kuzika, akarudi njiani, maana lori halikuwa lake. Mama aliingia chumbani, akafunga mlango, akalala uso ukutani. Unaona kwamba ukuta hukuuvumbua wewe.

Wanawake wa mtaani walikuja na maneno yao. Walimwambia avumilie, walimwambia ni kazi ya Mungu, walimwambia bado ni kijana atazaa mwingine. Bibi aliwapokea, akawapa kahawa, akangoja waondoke. Halafu akaniita uani akaniambia jambo aliloambiwa na bibi yake, na yeye hakuwa mtu wa kubahatisha.

Alisema mtu aliyefiwa huzibwa masikio. Vya nyumbani kwake havisikii tena, anasikia vya upande wa pili tu, kule alikokwenda maiti wake, na akiachwa hivyo atavifuata. Maneno hayamfikii. Kinu humfikia, kwa sababu kinu kinaijua nafasi ya kila mtu. Basi mtatwanga karibu na mlango wake kila siku, na zamu yake mtaiacha tupu. Mtu yeyote asiizibe. Ikizibwa, atajua kwamba hapa hana mahali tena, atakwenda.

"Sasa tutapiga wawili?" niliuliza.

"Tutapiga watatu. Mmoja hajafika."

Tukaanza. Du, ti, halafu kimya. Du, ti, kimya. Salima, hujui kile kimya kinavyouma. Ni kama kushuka ngazi gizani ukakuta ngazi moja imeng'oka. Mwili wangu wote ulitaka kukijaza. Mchi wa Mama ulikuwa umeegemezwa karibu na mlango wake. Kila alasiri tulitwanga, na kila alasiri mlango ulibaki kama ulivyo. Chakula nilichompelekea nilikirudisha. Nilimwona anavyokonda, nikaanza kuogopa usiku kusinzia, nisije nikaamka nikakuta ameshakwenda huko alikokusema Bibi. Nilimwuliza Bibi kama kinu kinafanya kazi kweli. Alinijibu: "Piga. Kuuliza si kutwanga."

Sasa anaingia Mama Hamisi. Huyu alikuwa jirani yetu, mkaanga maandazi, mwanamke mwenye mikono ya kubeba gunia na moyo wa kutoa shuka lake akalala bila. Sijapata kuona mtu mwema kama yule, na ndiyo sababu aliharibu. Alipita siku moja baada ya mvua, akatusikia tunavyochechemea, akaingia.

"Jamani, Bibi! Munatwanga kama mutu mwenye mguu moja. Mi nipo hapa kwa nini?"

Kabla Bibi hajafungua mdomo, alikuwa ameuchukua mchi wa Mama pale mlangoni na kuingia kwenye zamu. Du, ti, ga. Du, ti, ga. Nitakwambia ukweli: masikio yangu yalifurahi. Kinu kilikuwa kizima tena. Bibi alisimama na mchi wake hewani, hakuushusha.

"Umefanya nini, Mama Hamisi?"

"Nimewasaidia."

"Umemufukuza mukwe wangu."

Mama Hamisi alicheka, kama ambavyo wewe ungecheka. Bibi aliutupa mchi, akasukuma mlango. Kitanda kilikuwa kitupu. Mlango mdogo wa nyuma, ule wa kwendea chooni, ulikuwa wazi, na kanga ya Mama ilikuwa sakafuni.

Pengine alikuwa ameondoka kabla ya ule mchi kupigwa. Nimelifikiria hilo maisha yangu yote. Najua tu tulichokiona: zamu imezibwa, mtu hayupo.

Mvua ilikuwa imenyesha milimani tangu asubuhi na mto Ntahangwa ulikuwa unanguruma. Kutoka uani kwetu uliusikia. Hakuna aliyeutaja mto, lakini wote waliutazama upande wake. Mama Hamisi alianza kupiga kelele, ameshika kichwa, miguu mitupu, unga mikononi. Bibi alijifunga kanga kiunoni. Nikamshika nguo ili niende naye.

"We unabaki. Unatwanga."

"Peke yangu?"

"Peke yako. Piga zamu yako, acha yangu, acha ya mama yako. Na usiharakishe. Ukiharakisha unazila zamu zetu, hatutakuwa na pa kurudi."

Wakakimbia. Nikabaki na kinu.

Usidhani mimi sijui kukata tamaa. Mimi nilikuwa mtoto mwenye mchi mkononi, na nilikuwa nimeambiwa kwamba mama yangu na bibi yangu wote wawili wako ndani ya kimya, na kimya hicho nikishike mimi. Nilipiga: ti. Kisha nikangoja. Nikangoja nafasi ya Mama, ndefu kupita zote, moyo unapiga mbio kuliko mchi. Nikangoja na ya Bibi. Ti. Tena nangoja. Kila kiungo changu kiliniambia nipige haraka, nipige kwa nguvu, nipige mpaka huko mtoni wasikie. Nilijizuia. Nilimwomba Mungu, kisha nikakosana naye, kisha nikamwomba tena.

Na katika kungoja huko, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine ila kungoja, nikaanza kusikia. Maji yalidondoka kutoka batini kwenye beseni, na beseni lilikuwa limejaa nusu, kwa hiyo tone lilitoa sauti kama mtu anayesema "mm" akikubali. Fundi mmoja ng'ambo aligonga chuma, akaacha, akakipuliza, akagonga. Cherehani ya mtu ilikwenda na kukwama. Watoto wa madrasa walikuwa wanasoma, mmoja wao amechelewa neno moja nyuma ya wenzake, hakuwafikia na hakuacha. Mafuta ya Mama Hamisi yaliyoachwa jikoni kwake yalikuwa yanaungua peke yake, yanatoa mlio mwembamba. Njiwa alitembea juu ya bati. Nilizisikia kucha zake. Vyote vilikuwa vinapita katika zile zamu tupu, kila kimoja kikipata mahali pake, na pigo langu moja likivifunga pamoja.

Nilikuwa nimeishi katika ule uwanja tangu nizaliwe na sikuwahi kuusikia. Ulikuwa mzuri. Nilikasirika sana kwamba ni mzuri. Mama yangu huenda yuko majini, na bati linadondosha maji kama ngoma! Nililia kwa hasira, si kwa huzuni, na nikaendelea kupiga, maana nikiacha kila kitu kingetawanyika. Malengelenge yalipasuka. Sombe ilikuwa imeshalainika zamani, imegeuka uji wa kijani unaonirukia usoni. Nikapiga hivyo hivyo.

Ti. Nafasi ya Mama ikafika. Halafu: ga.

Sikugeuka, niliogopa kugeuka. Niliona mkono, umeloa, na pindo la nguo lenye tope mpaka magotini. Nafasi ya Bibi tuliiacha wote wawili, hatukuigusa. Ti, nikapiga mimi. Ga, akapiga yeye. Tukaendelea hivyo. Kofi hakupiga. Kofi lilichelewa sana kurudi. Sikumbuki lilirudi lini, na nadhani ndivyo vitu vya namna hiyo vinavyorudi.

Bibi alitokea langoni, sauti imemkauka kwa kuita, Mama Hamisi nyuma yake analia. Alituona. Hakusema alhamdulillahi, hakumkumbatia mtu. Alinawa mikono, akaokota mchi wake kutoka kwenye tope, akaufuta kwa kanga, akasubiri zamu yake ifike. Du.

Neno la kwanza alilolisema Mama tangu msiba lilikuwa hili: "Hii sombe imekuwa uji. Nani alikufundisha kutwanga?"

Mama Hamisi hakusemeshwa na Bibi mpaka Idi ilipofika. Kila asubuhi alituletea maandazi, Bibi anayala, hamsemeshi.

Nilingojea miaka kabla ya kumwuliza Mama kuhusu siku ile. Nilikuwa ninaolewa, ananisuka, nikaona siku hiyo hawezi kunipiga. Nikamwuliza alisikia nini huko mtoni. Alimaliza kwanza msuko ule. Kisha akasema: "Nilikuwa ndani ya maji, nikasikia mutu anatwanga vibaya. Pigo moja, kisha hakuna, kisha hakuna. Ilinikera. Nikasema, huyu mutoto ataharibu majani. Nikangoja arekebishe, hakurekebisha. Nilipokuwa nangoja, nikasikia na vyura. Nikasikia na mafundi. Basi nikatoka." Akanivuta nywele kwa nguvu. "Usikunje shingo."

Hilo ndilo lote. Hakuna malaika, hakuna ndoto. Alikereka, akasimama kidogo kusikiliza, na alipokuwa amesimama vitu vingine vikamwingia.

Mimi kama kinu kina masikio sijui. Nimezeeka na bado sijui. Na sitakudanganya kwamba kila mtu hurudi. Wapo tuliowatwangia mpaka majani yakakauka kinuni, na mlango haukufunguka, tukambeba mtu kwenda kumzika. Nakwambia hilo kwa sababu hupendi kudanganywa, na mimi sina sukari ya kukutilia. Nilichokijua baadaye, baada ya kuzika wangu pia, ni kwamba huzuni haina haraka, sisi ndio tulio na haraka nayo. Tunakimbia kuijaza. Nimekaa hapa mtaani Mutakura kwako tangu juzi na nimeona. Wifi yako anapika jikoni kwako, anauza vitambaa vyako sokoni, nguo za mtoto ameshazikunja akazitoa. Redio inahubiri kutwa. Simu yako wanaijibu wengine. Ni watu wema wote, wema wa Mama Hamisi. Wamekuziba kila nafasi, halafu wanashangaa kwa nini hutoki.

Nimeizima hiyo redio. Wifi yako nimemwambia kibanda chako kikae kimefungwa. Alinuna, atanunua uso mwingine. Kinu ni kile kile cha Buyenzi, waya tumebadilisha. Kimekuja kwa baiskeli kwa sababu magari hayana mafuta, na yule kijana mwenye baiskeli alinitukana kwa adabu njia nzima. Majani nimenunua mabichi. Wifi yako ana mikono laini na anapiga kama anayeua mende, lakini nimemfunza: apige, kisha anyamaze. Mchi wako nimeuegemeza hapo nje, karibu na mlango.

Sikuombi utoke. Sikuombi chochote. Lala hivyo hivyo, tazama ukuta wako. Ukisikia tunaharibu, ni kweli tunaharibu. Mimi sasa mkono umechoka, nitakuwa nachelewa, na huyo wifi yako ataniwahi. Utakereka. Natumaini utakereka sana, mjukuu wangu, maana mimi sina dawa nyingine, na nimekuja na hii moja tu.

Haya. Natoka. Na mlango naufunga, kwa sababu wa Mama pia ulikuwa umefungwa.