Barua za Mheshimiwa Spika

Baba alikuwa mbunge wa kwanza wa jimbo letu baada ya uhuru, na mwandiko wake ulikuwa kama nyayo za kuku. Kwa hiyo barua zote alizipiga taipu, za serikali na za nyumbani. Zile za serikali alitunza nakala, pamoja na majibu aliyopata. Mama alipohamia kwangu hapa ughaibuni, Dixon Road, alikuja na sanduku la barua hizo zote na khanga mbili. Koti la baridi hakuwa nalo.

Chuo kikuu kimoja nyumbani kikaomba barua za siasa. Mimi nilikuwa kazini mchana kutwa, nikamwachia binti yangu azitenganishe: za siasa zisafiri, za familia zibaki kwa bibi yake. Binti yangu amekulia hapa. Kiswahili anakielewa, ila kukisoma anajikongoja. Akasoma mstari wa kwanza wa kila barua, akamaliza upesi, nikamsifu sana. Boksi likaondoka na mwanafunzi aliyekuwa anarudi Dar es Salaam.

Jumapili iliyofuata mama, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kwa presha, akasema, "Haya mwanangu, nisomee barua zangu."

Nikafungua ya juu. "Ndugu Katibu wa Wilaya, pampu ya maji bado haijafika." Iliyofuata, Ndugu Mkurugenzi. Nyingine, Ndugu Mwenyekiti.

"Si ulisema za family?" binti yangu akashangaa. "Ndugu is family, Mama!"

Ungemlaumu vipi? Ndugu wa kwenye siasa hajapata kukutana naye.

"Na zile za Mheshimiwa Spika?" mama akauliza taratibu.

"Those are for Parliament, Bibi. Nimezituma."

Mama akacheka. Spika alikuwa yeye. Baba alimwita hivyo kwa sababu nyumbani kwetu hakuna aliyesema bila ruhusa yake.

Tukaandika chuoni kuziomba. Wakajibu kwa adabu kwamba bado wanazipanga. Kila Jumapili mama aliuliza, nami nikamsomea za pampu, angalau asikie maneno ya mumewe. Siku moja akanishika mkono.

"Inatosha, mwanangu. Huyu ni wa wananchi, nilishamsikia vya kutosha. Mimi nataka wangu."

Picha za barua zake ziliingia kwenye simu yangu wiki ile tuliyomzika. Inaniuma mpaka leo. Binti yangu aliisoma ya kwanza kwa sauti, polepole, bila kukosea hata neno: "Mheshimiwa Spika, naomba ruhusa nirudi nyumbani mapema."

Halafu akaniuliza, kwa Kiswahili, bibi alijibu nini.

Tukatafuta sandukuni. Majibu ya makatibu yalikuwepo yote, yamebanwa kwa pini. La mama hatukuliona hata moja.