Miche Meupe ya Bibi

Bibi yangu aliondoka Pemba na mahindi ya manjano, kayafunga kwenye pindo la kanga. Hapa Ibra, Omani, aliyapanda nyuma ya nyumba, yakinywa maji ya falaji, mfereji wa mtaa mzima. Kila mavuno alichagua gunzi moja tu, lililojaa kuliko yote, akalifanya mbegu. Nimekua nikiyala. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mabua yalizidi kuwa mafupi.

Mwaka juzi, tulipomenya gunzi la mbegu, tulikuta baadhi ya punje zimepauka. Nyingine zilikuwa zimeshachipua humo humo ndani ya maganda.

"Baraka hii," alisema bibi. "Zina haraka ya kuota."

Mimi nasomesha bayolojia skuli ya wasichana. Nilishuku, nikamwacha apande.

Alipanda zote. Za manjano zilitoka kijani. Zilizopauka zilitoka nyeupe kama karatasi. Bibi akazijengea kivuli cha makuti, na humo zikaanza kupata ukijani hafifu. Alifurahi, akafunua. Kufika adhuhuri ukijani umeungua, zimerudi nyeupe.

"Jua limezifanya nini?" aliniuliza. "Mmea si chakula chake jua?"

"Ndicho, bibi, lakini likizidi linaunguza ule ukijani wenyewe. Ndani ya jani mna rangi ya manjano, karotenoidi. Inausaidia ukijani kuuteka mwanga, na ule uliozidi inauzima. Rangi hiyo hiyo ndiyo iliyoyapa mahindi yako umanjano, na kutokana nayo mbegu hupata kinachoilaza mpaka ipandwe. Hizi hazijui kuitengeneza."

"Zimesahau?"

"Zimezaliwa hivyo. Kila mche una jeni mbili za kazi hiyo, ya baba na ya mama. Moja ikiwa mbovu, nzima huisitiri. Mbovu mbili zikikutana, ndiyo haya."

"Zimekutana vipi?"

Sikutaka kumjibu, lakini aliniganda.

"Zote zatoka gunzi moja, bibi, mwaka baada ya mwaka. Ni ndugu kuzaa na ndugu, wenye ubovu ule ule."

Aliukunja ukingo wa buibui lake, akaukunjua.

"Mimi nilikuwa nachagua lililo zuri," alisema.

Jioni ile mama yangu alimpigia simu jamaa yetu wa Pemba, amtafutie mbegu nyingine za aina ile, damu mpya. Yule jamaa alicheka kwa upole. Watu wa huko wanapanda mahindi meupe ya dukani siku nyingi. "Ya manjano? Labda wazee waliyajua," alisema, na wazee hao wameshakufa.

Miche meupe ililala chini mara tu chakula kilichokuwamo kwenye punje kilipokwisha. Ile ya kijani ilifika kiunoni, kisha upepo wa moto ukakausha mbelewele, maua ya kiume ya kileleni, kabla hazijamwaga unga wake wote. Tukapata vigunzi vyenye punje chache, vyenye mapengo, na humo pia mlikuwa na zilizopauka.

"Tunaweza kuchagua upya," nilimwambia. "Pole pole, miaka kadhaa, tuzitenge zenye ubovu."

"Miaka ya nani?" alisema bibi.

Akazipukuchua zote, za manjano na zilizopauka, akazichemsha kwa nazi. Mama alijaribu kumzuia, akaacha. Tulikula watu watatu. Hazikuiva vizuri. Kile kijishamba tumempa jirani, apande majani ya mbuzi wake.